Sumaku Inayofika Ubongoni

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika humfahamu kambare wa umeme. Anayemshika kwa mkono mtupu hupigwa mshtuko, akamwachia mara moja. Samaki huyu hana betri wala waya. Umeme wake huzalishwa na seli za mwili wake, na kambare wakubwa wa jamii hii huweza kutoa volti 300 na zaidi. Tangu kale binadamu alijaribu kuutumia umeme wa samaki kuwa dawa. Yapata miaka 2,000 iliyopita, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kuwa maumivu ya kichwa hutulizwa kwa kumweka taa wa umeme, angali hai, mahali panapouma.

Siku hizi baadhi ya magonjwa ya akili hutibiwa kwa umeme unaoamshwa ndani ya ubongo bila kupasua fuvu. Habari hiyo yaweza kuonekana ngeni kwa mkulima wa kahawa wa Kalinzi, katika vilima vya Mkoa wa Kigoma. Hata hivyo, kanuni yake ni ile ile anayofundishwa mwanawe katika somo la fizikia.

Kanuni ya Faraday

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kuwa uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Azungushe waya wa shaba mara nyingi kufanya koili, aunganishe ncha zake na galvanomita, kisha aingize sumaku kwa haraka ndani ya koili. Mshale wa galvanomita utacheza. Sumaku ikitulia, mshale hurudi kwenye sifuri, kwa kuwa kinachozalisha umeme ni mabadiliko ya uga.

Ubongo nao hufanya kazi kwa umeme. Seli zake za neva hupashana habari kwa kupitisha ioni za sodiamu na potasiamu katika kuta zake, pamoja na kutumia kemikali. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha humo mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno. Uga wa koili za namna hiyo hufikia tesla 1.5 au zaidi, yaani zaidi ya mara 20,000 ya uga wa sumaku wa dunia. Uga huo hupenya mfupa bila kuuumiza, ukazalisha mkondo mdogo katika tabaka la juu la ubongo. Koili ilipowekwa juu ya sehemu inayoutawala mkono, vidole vilicheza pasipo mwenyewe kukusudia.

Baadaye ilionekana kuwa mapigo hayo, yakirudiwa maelfu kwa maelfu kwa siku nyingi, huweza kubadili utendaji wa seli kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo tiba ilipoanzia. Haifai kuichanganya na tiba ya mshtuko wa umeme iliyoanza Italia mwaka 1938, ambayo huleta degedege na leo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Katika tiba ya sumaku mgonjwa hukaa kitini akiwa macho. Hata hivyo degedege laweza kutokea mara chache, na mwenye chuma kichwani au mwenye kifafa huhitaji tahadhari kubwa.

Yaliyothibitishwa

Mgonjwa anayehudumiwa kila siku huweza kupata nafuu kwa sababu ya matumaini tu. Kwa hiyo watafiti huwagawa wagonjwa makundi mawili: moja hupewa tiba yenyewe, na jingine huwekewa koili ya bandia bila kujua. Uchunguzi wa namna hiyo wa wagonjwa 301 wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ulichapishwa mwaka 2007. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia. Wengi hupata nafuu, lakini si wote.

Kwa watoto hali ni tofauti. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu kifaa kinachopitisha umeme hafifu katika neva za paji la uso, kwa watoto wasioweza kutulia wala kuzingatia jambo. Idhini hiyo ilitegemea uchunguzi wa watoto 62 uliofanywa kwa wiki 4. Kuhusu usonji, mashine hizi bado ni za utafiti; hazijathibitishwa kuwa tiba.

Maana yake kwa Kalinzi

Tiba ya sonona kwa sumaku huhitaji siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Kigoma ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Mzazi wa mtoto mwenye usonji akisikia kuwa ipo mashine inayoponya, aweza kuuza kahawa yote ya msimu, hata shamba, ili aifuate. Kabla ya kufanya hivyo aulize maswali matatu: Mashine hii imethibitishwa kwa ugonjwa gani? Ililinganishwa na nini? Ilijaribiwa kwa watu wangapi?

Mwalimu aweza kumsaidia mzazi kuyauliza. Sonona hutibika pia kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu. Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako aweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Mtoto mwenye usonji hunufaika anapofundishwa kwa subira kuwasiliana na kucheza na wenzake, nyumbani na shuleni.

Mwisho, jaribio la koili na galvanomita lifanyike mezani tu. Mwanafunzi yeyote asithubutu kuunganisha waya wa betri au wa umeme wa nyumbani na kichwa chake au cha mwenzake.