Ujenzi na Uunganishaji wa Nadharia katika Utafiti wa Mifumo ya Taarifa: Mfano wa Takwimu za Vifo Morogoro

1.0 Utangulizi

Utafiti wa mifumo ya taarifa ni taaluma changa ambayo tangu mwanzo imeazima nadharia kutoka taaluma nyingine, zikiwemo uhandisi, saikolojia, sosholojia na uchumi. Kuazima si kosa. Tatizo huzuka pale mtafiti anapoorodhesha nadharia nne au tano katika sura ya pili ya tasnifu, kisha akachambua data bila kuonyesha namna nadharia hizo zinavyohusiana. Makala haya yanaeleza maana ya kujenga na kuunganisha nadharia kwa kutumia mfano wa taarifa za vifo katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo katika miaka ya 1990 ilikumbatia sehemu kubwa ya Milima ya Uluguru. Hoja kuu ni kwamba katika mfumo wa aina hii taarifa huwa neno kabla haijawa namba. Kwa hiyo, nadharia isiyotoa nafasi kwa maana ya maneno haiwezi kueleza kikamilifu kufaulu wala kushindwa kwa mfumo huo.

2.0 Nadharia ni Nini

Sutton na Staw (1995) wanabainisha mambo matano ambayo, yakisimama peke yake, si nadharia: marejeo, data, orodha ya vigeu, michoro na nadharia-tete. Kinachokosekana katika yote hayo ni jibu la swali "kwa nini". Whetten (1989) naye anadai kwamba nadharia itaje vitu vinavyohusika, uhusiano wake, sababu ya uhusiano huo, na mipaka yake ya watu, mahali na wakati. Kwa upande wa mifumo ya taarifa, Gregor (2006) anagawa nadharia katika aina tano: za kuchambua, za kueleza, za kutabiri, za kueleza na kutabiri kwa pamoja, na za kuelekeza usanifu na utendaji. Mgawanyo huu unatukumbusha kwamba nadharia mbili haziwezi kuunganishwa kabla ya kujulikana kila moja inafanya kazi gani.

3.0 Mfano wa Morogoro

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilieneza MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vitabu vyake hujazwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Hivyo humhesabu mtu aliyefika huko. Mtoto aliyefia nyumbani, katika kijiji cha mlimani ambako zahanati hufikiwa kwa mwendo mrefu wa miguu, hakuwa na mahali pa kuandikwa.

Pengo hilo lilishughulikiwa na mradi wa AMMP, ulioanzishwa 1992 na Wizara kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne, katika maeneo ya Hai, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam. Wahoji walizitembelea kaya zilizofiwa na kuuliza dalili alizokuwa nazo marehemu; madaktari wakasoma majibu na kukadiria sababu ya kifo. Baadaye mradi wa TEHIP, uliofanya kazi Morogoro na Rufiji hadi 2004, uliziweka takwimu za namna hiyo katika chati ambazo timu za afya za wilaya zingeweza kuzilinganisha na bajeti zao. Kwa Morogoro ilidhihirika kwamba malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996. Mgawo huo uliongezwa, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vilipungua sana katika wilaya hizo mbili.

Modeli ya DeLone na McLean (1992) inaweza kueleza sehemu ya mwisho ya mnyororo huu: taarifa bora hutumiwa, na matumizi huleta athari kwa taasisi. Lakini modeli hiyo huuchukulia ubora wa taarifa kama jambo ambalo tayari lipo. Haisemi ubora huo ulizaliwaje.

4.0 Neno Kabla ya Namba

Tuchukue neno "degedege". Kimofolojia ni uradidi wa "dege", umbo la ukubwa la "ndege". Kimaana linataja ugonjwa wa mtoto anayekakamaa na kutetemeka, ambao katika imani za wengi huletwa na shetani au kiumbe arukaye. Tafiti za miaka ya 1990 katika Pwani na bonde la Kilombero zilionyesha kwamba wazazi wengi hawakuuhesabu kuwa malaria: homa ya malaria ilipelekwa zahanati, degedege likapelekwa kwa mganga. Kwa daktari, dalili hizohizo mara nyingi ni malaria kali.

Kwa hiyo mhoji aliyeuliza, "Je, marehemu alikuwa na malaria?" angeweza kujibiwa "hapana" na mzazi mkweli kabisa. Aliyeuliza juu ya homa, kukakamaa na kupoteza fahamu angepata jibu jingine. Tofauti ya swali moja ingehamisha kifo kutoka safu moja ya chati hadi nyingine, na pamoja nacho fedha za dawa na vyandarua.

5.0 Namna ya Kuunganisha

Hapa ndipo uunganishaji unapohitajika. Semantiki inaeleza jinsi jamii inavyogawa magonjwa kwa maneno. Dhana ya "kitu cha mpakani" ya Star na Griesemer (1989) inaeleza jinsi dodoso moja linavyoweza kutumiwa na mzazi, mhoji na daktari bila wote kulipa maana ileile. Modeli ya DeLone na McLean inaeleza safari ya kutoka chati hadi bajeti. Kila nadharia inashika kipande chake, na viungio baina yake hutamkwa kama dai: kadiri mipaka ya jina la ugonjwa katika jamii inavyotofautiana na kategoria ya kitabibu, ndivyo ubora wa taarifa unavyoshuka, hata kama vifaa na mafunzo ni bora, isipokuwa pale dodoso linapouliza dalili badala ya majina.

Dai hili linaweza kukanushwa. Iwapo maswali ya majina na maswali ya dalili yataleta mgawanyo uleule wa sababu za vifo, dai litakuwa limeanguka. Aidha, lina mipaka: halihusu vifo vya ajali, ambavyo jina lake kwa kawaida halina utata.

6.0 Hitimisho

Katika miaka ya 2010 taarifa za MTUHA ziliingizwa katika programu ya DHIS2, na namba zikaanza kusafiri kutoka wilayani hadi wizarani kwa muda mfupi. Kompyuta imeharakisha safari ya namba. Haijabadili mahali inapozaliwa, yaani katika mazungumzo baina ya anayeuliza na anayejibu. Mtafiti anayejenga nadharia ya mfumo hana budi kuanzia hapo, na mwanaisimu hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa la wataalamu wa kompyuta peke yao.