Maputo Mia Tano, Foto Moja

Namna ya kupiga foto isiyofanana na za wengine

Fikirini uwanja mpana sana, asubuhi mapema, kungali baridi. Maputo makubwa 500 yanapanda hewani: mekundu, ya manjano, ya buluu, mengine yenye umbo la ng'ombe au la nyuki. Chini kuna watu elfu kwa elfu, na kila mtu ameinua telefone juu. Wote wanapiga kitu kimoja, kwa saa moja, wakisimama fasi moja. Jioni wakilinganisha foto zao, zote zinafanana kama maharagi ya gunia moja.

Je, wewe ungefanya nini ili foto yako ijulikane katikati ya zile zote?

Ulizo hili si la watu wa mbali peke yao. Linamgusa kila kijana wa Kashuga, Mweso, Rubaya au Walikale anayepiga foto kwenye arusi au kwenye sikukuu ya masomo, na zaidi yule anayetaka kupata franga kwa kazi hiyo. Kwa hiyo twende kwanza kule kwenye maputo, kiisha turudi nyumbani.

PUTO HILI NI KITU GANI?

Hatusemi lile puto dogo la watoto. Hili ni kitambaa kikubwa kilichoshonwa kama mfuko, kinachofika karibu mita 20 kwenda juu. Chini yake kunaning'inia kitunga ambamo watu wanasimama, na juu ya vichwa vyao kuna jiko la gazi linalotoa moto mkali. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda, kama vile moshi wa jikoni unavyopanda kwenye paa. Hewa ile ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, inapanda na mfuko wake na kitunga na watu.

Walioanza ni ndugu wawili wa Ufaransa, Joseph na Étienne Montgolfier. Mwaka 1783 walionyesha watu puto lao katika mji wa Annonay. Mwezi wa 9 mwaka ule, kule Versailles, walipandisha kondoo, bata na jogoo, na wanyama wote watatu walishuka wazima. Tarehe 21 mwezi wa 11, Pilâtre de Rozier na mwenzake, marki d'Arlandes, walipita juu ya Paris kwa dakika 25 hivi. Ndiyo maana kwa Kifaransa chombo hiki kinaitwa montgolfière mpaka leo.

Puto halina usukani. Piloti anaweza kupanda na kushuka tu; njia inachaguliwa na upepo. Kwa sababu hiyo linarushwa sana asubuhi, wakati upepo umetulia na hewa ni baridi. Mpiga foto akumbuke hilo: anayeamka na jua amekwisha kuchelewa.

SIKUKUU ZA MAPUTO

Sikukuu kubwa kupita zote iko Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Ilianza mwaka 1972 na maputo 13 tu, kwenye uwanja wa motokari mbele ya maduka. Mwaka 2000 yalifika zaidi ya 1,000. Inafanyika kila mwaka mwezi wa 10 kwa siku tisa. Mji ule uko juu, karibu mita 1,500, kama Goma yetu, na asubuhi baridi inauma.

Ufaransa nako, fasi ya Chambley katika Lorraine, kulianza mwaka 1989 mkutano mkubwa wa maputo unaorudi kila mwaka wa pili. Lorraine ndiko alikozaliwa yule Pilâtre de Rozier, katika mji wa Metz.

Kule Albuquerque kuna saa tatu ambazo wapiga foto wanazipenda. Ya kwanza ni mbele ya jua kutoka: maputo machache yanatangulia gizani ili kupima upepo, yakiwaka kama taa za mafuta angani. Ya pili ni asubuhi yenyewe, mamia yanapopanda kwa zamu. Ya tatu ni jioni: maputo yanabaki chini yamefungwa, na mapiloti wanawasha moto pamoja, uwanja wote unang'aa.

Tena watazamaji hawafungiwi mbali. Wanatembea katikati ya maputo yenyewe wakati yanajazwa. Kwa hiyo nafasi ya foto nzuri iko mbele ya kila mtu. Ila wengi wanasimama tu, wanainua mkono juu, basi.

MAPUTO YA AFRIKA YA MASHARIKI

Msifikiri puto halikufika upande wetu. Mwaka 1863, mwandishi Mfaransa Jules Verne alitoa kitabu cha kubuni juu ya watu wanaovuka Afrika kwa puto, wakianzia Zanzibar. Karibu miaka mia kiisha, mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith alifanya safari ya kweli. Alipanda kutoka Zanzibar akavuka bahari mpaka bara, na baadaye akaruka juu ya Ngorongoro na Serengeti. Puto lake lilibeba gazi nyepesi ya idrojeni, si hewa ya moto, na jina lake lilikuwa Jambo. Pamoja naye alikuwa kijana mpiga filimu wa Kenya, Alan Root.

Huyo Root alifika hata kwetu Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1963 yeye na mke wake Joan walikuwa Kabara, kwenye mlima Mikeno, wakipiga gorila wa Virunga. Ndiko Dian Fossey alikowakuta, siku zile alipowaona gorila kwa mara ya kwanza.

Baadaye Alan na Joan walinunua puto la hewa ya moto. Mwaka 1974 waliruka nalo juu ya Kilimanjaro, na mwaka 1976 Alan alianzisha kazi ya kuwapandisha wageni katika Maasai Mara. Serengeti ilifuata mwaka 1989, na kazi hiyo inaendelea pande zote mbili.

Kwa nini mpiga filimu wa wanyama alitaka puto? Kwa sababu motokari zote zinapita njia moja na zinaona nyumbu kutoka urefu mmoja. Kutoka juu, kundi la nyumbu linaonekana kama mto unaotembea, na kivuli cha puto kinapita juu ya majani. Root hakutafuta aparei ya bei kupita ya wengine. Alitafuta fasi ambapo wengine hawakusimama. Hilo ndilo neno kubwa la habari hii.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Fika wa kwanza, ondoka wa mwisho. Puto likiwa angani, kila mtu analo. Lakini wakati limelala chini kama nguo iliyoanikwa, wanaume sita wanavuta kamba, mama mmoja anashika mdomo wa kitambaa, moto unaruka, hapo ndipo kuna habari. Na mwisho, watu wakikunja kitambaa wakiwa wamechoka, kuna habari ingine.

2. Sogea kwa miguu. Ukikuza kitu ndani ya telefone, mara nyingi foto inaharibika na kuwa kama mchanga. Miguu yako ndiyo kioo kizuri kupita vyote. Piga goti. Lala chini ukihitaji. Tafuta dimbwi la maji: puto likionekana ndani ya maji, una maputo mawili. Lakini usikanyage kitambaa, usiruke kamba, na muulize piloti kwanza.

3. Weka mtu ndani. Puto peke yake angani halina kipimo. Linaweza kuwa kubwa kama nyumba au dogo kama limau. Weka mtoto mmoja mbele yake, na mara moja kila anayetazama anaelewa ukubwa.

4. Jua mwangaza unatoka wapi. Ukipiga mtu akiwa mbele ya anga nyeupe, uso wake utakuwa mweusi kama sufuria. Kwenye telefone, gusa uso wake juu ya kioo ili aparei ipime mwangaza pale. Ao fanya kusudi: acha mtu awe kivuli kitupu mbele ya puto linalowaka. Lakini iwe kwa kupenda kwako, isiwe ajali.

5. Usiku, zima flashi. Mwanga wa flashi unafika hatua chache tu. Hauwezi kufika kwenye puto. Usingoje giza kamili. Piga jua likiisha kuzama, wakati anga bado ni ya buluu, na ufinye mara tu moto unapoanza, maana unazimika upesi. Egemeza telefone kwenye nguzo isitikisike.

6. Geuka nyuma. Hili ndilo wengi wanasahau. Watu wote wakitazama puto, wewe lipe mgongo utazame watu. Mzee amefungua mdomo, mtoto juu ya mabega ya baba yake, msichana ameziba masikio sababu ya mlio wa moto. Puto lile lile limepigwa mara milioni. Uso ule haujapigwa hata mara moja.

NA SISI WA KASHUGA?

Labda mtu atasema: "Sasa hayo maputo yatatusaidia nini sisi?" Ulizo zuri. Hapa kwenye barabara ya Mweso kwenda Kalembe hatuna maputo. Lakini tuna arusi, tuna siku ya soko, tuna mchezo wa mpira. Na wale waliofika Goma kwenye Festival Amani, iliyoanza mwaka 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga, waliona jambo lile lile: kikundi cha ngoma mbele, na telefone mia zimeinuliwa kupiga foto moja.

Tena tusisahau kwamba hata telefone ina kitu cha kwetu. Koltani inatoa tantale, ambayo ndani ya telefone inasaidia kutunza na kupanga umeme. Kasiteriti inatoa bati linalounganisha vipande vyake. Koltani inachimbwa Rubaya, kasiteriti Bisie katika Walikale. Kijana wa Masisi asijione mgeni mbele ya aparei. Kazi ya baba yake inaweza kuwa ndani yake.

Sasa jaribu yale mambo sita kwenye arusi. Wengi wanapiga bwana na bibi arusi wamesimama wima mbele ya keki. Piga hiyo, maana ndiyo wanayolipia. Lakini fika mapema umpige bibi akisukwa nywele na dada zake. Geuka nyuma wakati wa viapo, upige uso wa mama yake. Miaka kumi ikipita, ni ipi watakayoitafuta kwanza?

Na hapa kuna jambo zito. Watu wa Kashuga wamekimbia mara nyingi, na wengine wa vijiji jirani wamekuja kukaa katika kambi hapa. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Foto inabaki ukutani. Kuna watoto wasio na foto hata moja ya babu yao. Kwa hiyo foto yako si mchezo tu. Siku moja inaweza kuwa kitu cha pekee ambacho jamaa itakuwa nacho. Ukipiga foto nzuri ya mzee, usiiache ndani ya telefone moja. Itoe kwenye karatasi, na nyingine itumwe kwa ndugu aliye Goma au Butembo.

Lakini kuna namna mbaya ya kutafuta foto ya pekee. Wengine wanaona mtu mwenye taabu, mama kambini akipanga foleni ya posho, mtoto bila nguo, wanapiga haraka na kutuma. Foto ile inafika mbali kuliko miguu ya yule mama, na yeye hajui. Muulize: "Mama, ninaweza kukupiga foto?" Akisema hapana, shusha mkono. Akikubali, mngoje ajitengeneze kilemba chake kama anapenda. Mtoto, uliza mzazi wake. Na askari, vizuizi vya barabarani na watu wenye silaha, usipige kabisa. Maisha yako yana bei kupita foto.

MAZOEZI YA JUMA HILI

Kusanyikeni vijana watano au kumi, hata kama telefone ni mbili tu mnazopokezana. Chagueni kitu kimoja ambacho kila mtu anakijua: mti mkubwa, kisima, nyumba ya masomo. Kila mmoja apige foto moja tu, asirudie, na asisimame fasi ambapo mwenzake alisimama. Kiisha tazameni zote pamoja na mwulizane:

– Ni ipi inayoonyesha kitu ambacho hatukukiona zamani?
– Yule aliyeipiga alisimama wapi, na saa gani?
– Kama kuna mtu ndani, aliulizwa?
– Mwenye foto atapenda kuitunza?

Mtaona kwamba telefone ya bei si lazima ishinde. Anayeshinda ni yule aliyetembea kidogo zaidi, akangoja kidogo zaidi, na akamtazama mtu vizuri mbele ya kufinya.