Fahamu: Loki wa Marvel na Loki wa ngano wanapishana wapi?

Mwaka 2019, Loki alitoka kwenye vitabu vya katuni vya Marvel akaingia kwenye riwaya. Loki: Where Mischief Lies, iliyoandikwa na Mackenzi Lee, inamshusha kijana huyo wa Asgard, makao ya miungu, katika London ya karne ya 19 kuchunguza vifo vya kutatanisha.

Wengi wanamjua kama ndugu wa kulelewa wa Thor. Undugu huo ni wa Marvel, ambako wote wawili walianza kuonekana mwaka 1962. Katika ngano za Skandinavia, zilizoandikwa Iceland karne ya 13, Loki amechanjiana na Odin, baba yake Thor. Ni wa rika la mzee, si la mtoto. Hata jina Laufey limegeuzwa: kwa Marvel ni mfalme wa majitu ya barafu, kwenye ngano ni mama yake Loki.

Snorri Sturluson, mmoja wa walioandika ngano hizo, anasimulia mengine ya ajabu zaidi. Loki alijigeuza farasi jike, akabeba mimba, akamzaa Sleipnir, farasi wa Odin mwenye miguu minane. Loki huyu asiyefungwa na umbo lolote ananivutia kuliko mhalifu yeyote wa filamu.