Macho Yake Yanatazama Wapi?

Unamwita mtoto, hageuki. Macho yake yako kwenye gurudumu la baiskeli linalozunguka. Jirani mmoja anasema ni kiziwi, mwingine anasema amerogwa. Huenda ni usonji.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwaonyesha vijana wenye usonji filamu ya watu wanaogombana, huku chombo kikifuata macho yao. Vijana wasio na usonji walikazia macho ya wahusika. Wenye usonji walitazama zaidi midomo, miili na vitu vya chumbani. Na kati yao, waliotazama midomo zaidi ndio waliojimudu vizuri zaidi mbele za watu.

Basi usimshike kidevu ukimwambia "nitazame!" Wengi wakishakua husimulia kwamba kutazamana macho huwaumiza, au huwazuia kusikiliza. (Na mtoto mwingine akiinamisha macho mbele ya mkubwa, si tunasifu adabu yake?) Chuchumaa karibu naye, taja anachokiona: "Gurudumu linazunguka." Kisha ngoja.

Kama hata kelele kubwa hazimshtui, mpeleke kituo cha afya, masikio yapimwe kwanza.