Mashindano ya baiskeli ya ridhaa: gharama ya kuanza ukiwa Chepseon

Mashindano ya baiskeli ya ridhaa huuza kitu kimoja: njia iliyopimwa na kulindwa, ambayo mtu asiyelipwa mshahara wa kuendesha baiskeli anaweza kushindania kwa saa chache au siku chache. Kiingilio humpatia mshiriki namba ya kufunga kwenye usukani, vituo vya maji na ndizi, waelekezaji kwenye njia panda, gari la wagonjwa, na gari la mwisho linalookota waliochoka. Mara nyingi kiingilio peke yake hakitoshi kulipia yote hayo, kwa hiyo mwandalizi huenda kwa wadhamini. Faida yenyewe husambaa nje ya mfuko wake, kwa wenye nyumba za wageni, wauza chakula, wenye magari ya kukodi na mafundi.

Nchini Kenya soko hili limejengwa kwanza kwa ajili ya wageni na wakazi wa Nairobi. Eneo la Nanyuki lina 10to4, mashindano ya baiskeli za milimani yanayoandaliwa na Mount Kenya Trust kuchangia uhifadhi wa mlima. Jina lake linatokana na mteremko wa kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Tangu 2021 Masai Mara nayo ina Migration Gravel Race, siku nne na kilomita zipatazo 650 za barabara za vumbi. Waanzilishi wake, mradi wa Amani, walitaka waendeshaji wa Afrika Mashariki wakutane na wazungu hapa nyumbani, kwa kuwa viza na nauli ziliwafungia milango ya Ulaya na Marekani. Nahodha wa timu yao, Suleiman Kangangi wa Eldoret, alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya Vermont, Marekani, na kazi aliyoianza inaendelea Iten.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalopita Chepseon, kituo cha biashara kilicho kwenye barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, katika eneo bunge la Kipkelion Mashariki. Mkazi wake anayetaka kuanza atabeba baiskeli juu ya matatu, alale ugenini usiku mmoja au miwili, ndipo ashindane. Nauli na malazi huweza kukipita kiingilio, na ni gharama ambazo mtu wa Nanyuki anayeshindana nyumbani hazijui.

Hata hivyo gharama nzito zaidi ni chombo chenyewe. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo 1964. Riadha iliota mizizi katika nyanda hizi kwa sababu mtoto anaweza kuanza bila viatu. Baiskeli haina mwanzo kama huo. Black Mamba, ile nyeusi ya chuma yenye karia, ina uzito wa kilo 20 hivi na haina gia. Baadhi ya mashindano ya Kenya huiwekea kundi lake, na huo ndio mlango wa haki kuliko yote kwa anayeanza. Mengine humlazimu kutafuta baiskeli ya mtumba yenye gia, iliyotoka Ulaya au Asia, ambayo mnunuzi mwenye busara huikagua fremu kwanza: ufa mdogo karibu na kiungio cha usukani hauna dawa ya kuaminika, ilhali cheni na tairi hubadilishwa.

Miguu si tatizo. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, kujaribu mpando maarufu wa Alpe d'Huez. Nderi aliumaliza kwa dakika 42 hivi, muda unaoheshimika hata miongoni mwa wataalamu. Chepseon iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia hapo ana mapafu ya kazi hiyo.

Kinachokosekana ni fundi. Ushuru wa pikipiki ndogo ulipolegezwa mwaka 2008, boda boda ya baiskeli ilipungua kwa kasi, na mafundi wengi wakahamia kwenye injini. Mtu anayejua kunyoosha ringi kwa kukaza spoku moja moja huku gurudumu likizunguka mbele ya macho yake amekuwa adimu. Anayeanza inafaa ajifunze mambo matatu kabla ya kulipa kiingilio: kuziba pancha kwa viraka na gundi, kurudisha cheni iliyotoka, na kupima raba za breki. Hizo raba ndizo uhai wake. Kwenye mteremko mrefu wenye matope mekundu huliwa haraka, na mvua ya alasiri, mara nyingine ya mawe, ni jambo la kawaida katika nchi ya chai.

Suala la barabara linahitaji uamuzi thabiti. Barabara kuu si mahali pa mazoezi ya kundi. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, si mbali na Chepseon, lori lililoacha njia liliua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama kando. Njia salama ziko pembeni, kwenye barabara za chai. Majani mabichi ya chai hayawezi kusubiri. Lazima yafike kiwandani siku ile ile, na ndiyo maana barabara za murram kati ya vituo vya kununulia chai na viwanda hutengenezwa mara kwa mara. Zile za ndani ya mashamba makubwa, yaliyoanzishwa na Brooke Bond na James Finlay katika miaka ya 1920, zinahitaji kibali cha kampuni.

Siku ya mashindano, wengi wanaoanza huharibu mambo ndani ya nusu saa ya kwanza kwa kufuata mwendo wa wazoefu. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu mtu kuongea. Ale kabla ya njaa, anywe kabla ya kiu, ajifiche upepo nyuma ya mwenzake bila kugusa tairi lake, na asijaribu kiti wala viatu vipya siku hiyo. Kofia ngumu ni ya lazima.

Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza barani Afrika. Rwanda ilifika hapo ikiwa imeilea Tour du Rwanda, iliyoanza 1988. Kericho haihitaji kuanzia juu. Bonasi ya chai huwafikia wakulima karibu na Oktoba, wakati fedha zipo mikononi. Kaunti na viwanda vya chai waandae basi Jumapili moja ya mwezi huo mashindano ya Black Mamba kwenye murram ya Chepseon, kiingilio kiwe kidogo, ambulensi iwepo, na zawadi ziwe tairi, cheni na baiskeli moja yenye gia.