Programu Yetu Iseme Kiswahili: Kazi Huanzia Wapi?



Juzi tulitembelea kikundi cha akina mama kule Kangemi, magharibi mwa Nairobi. Walikuwa wameanza kuweka hesabu zao katika programu ya simu waliyoandikiwa na kijana mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji. Programu ilikuwa ya Kiingereza. Mweka hazina akaona neno "balance" na mbele yake shilingi 18,400. Kwetu balansi ni pesa inayobaki, basi akatangaza kwamba kikundi kina akiba hiyo. Kumbe lilikuwa deni! Wanachama wawili walikuwa wameshaahidiwa mikopo. Maneno yakawa mengi, na mama wa watu akashukiwa kula pesa.

Tulimwendea kijana tukamuuliza, "Mbona usiweke Kiswahili?" Akajibu, "Si rahisi, mama. Maneno yamechanganyika na programu yenyewe." Tukaketi naye, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Programu ni nini?

Ni orodha ndefu ya amri ambazo mtaalamu huiandikia kompyuta au simu. Katikati ya amri hizo ndimo yamo maneno tunayoyasoma sisi: "Andika jina", "Lipa mkopo". Mtafsiri akiingia humo na kufuta alama moja tu kwa bahati mbaya, programu nzima yaweza kugoma. Kwa hiyo maneno hutolewa nje kwanza.

Hatua nne

1. Kutia alama. Mtaalamu anatia alama kwenye kila sentensi inayosomwa na watu. Amri haziguswi.

2. Kutoa. Chombo maalum kinapitia programu yote na kukusanya sentensi zenye alama katika faili moja. Kimojawapo ni gettext ya mradi wa GNU, ambacho hakilipiwi.

3. Kutafsiri. Chini ya kila sentensi ya Kiingereza anaandikwa Kiswahili chake. Hapa mtu hahitaji kujua kompyuta sana, bali ajue lugha na kazi yenyewe.

4. Kurudisha. Programu ikifunguliwa, inachukua sentensi za lugha aliyochagua mtumiaji. Isipopata tafsiri, inaonyesha Kiingereza.

Hii si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, sentensi zitolewe nzima. Kiingereza kina neno moja la "mpya" kwa kila kitu. Sisi twasema mwanachama mpya, kikundi kipya, jina jipya. Neno likitolewa peke yake, simu itaandika "kikundi mpya", na watu watacheka.

Pili, nafasi zilizo wazi zisifutwe. Katika orodha utaona "Deni la %s ni shilingi %d". Alama hizo ni kama mistari ya kujaza kwenye fomu: moja itajazwa jina, nyingine kiasi.

Tatu, na hili ndilo lililowaponza mama zetu: neno moja laweza kuwa na maana mbili. "Balance" ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa akiba na pia kwenye ukurasa wa mikopo. Chombo kikikuta neno lile lile mara mbili, hulihesabu kuwa moja. Mtafsiri angeandika "salio" pote, na ugomvi ungerudi, safari hii kwa Kiswahili! Ni lazima mtaalamu aongeze maelezo: hili ni la akiba, hili ni la mkopo.

Kijana alifanya hivyo, kisha akatuletea orodha imechapwa kwenye karatasi. Akina mama walikaa jioni mbili wakibishana juu ya kila neno. Sasa ukurasa mmoja unasema "Akiba iliyopo" na mwingine "Deni lililobaki". Mweka hazina aliombwa radhi mbele ya wote.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi tusione haya kukidai. Kabla ya kikundi chako kulipia programu yoyote, mwulize mwenye kuiandika: "Maneno yametolewa nje? Tunaweza kuiona orodha?" Akisema hapana, msikubali haraka. Pesa ni jasho lenu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni maneno gani kwenye simu tunayobonyeza bila kuyaelewa?
2. Sisi tunaitaje akiba, riba, faini na marejesho? Je, wote tunaelewa maana moja?
3. Nani kati yetu anaweza kukaa na mtaalamu kupitia orodha?