MTO WETU NA SHIMO NYEUSI



Tangu mwanzo wa trimestre hii wengi wametuuliza: sababu gani makapita wamekataza kuoga chini ya lile jiwe kubwa la mtoni? Wengine wanasema ni ukali tu wa watu wa mwaka wa sita. Tena, katika klasi ya tano, mwanafunzi mmoja alimuuliza prof wa fiziki: shimo nyeusi ni kitu gani, na itatusaidia nini sisi watu wa hapa? Tumeona kwamba maulizo hayo mawili iko na jibu karibu moja. Njo maana tunaandika.

MAMBO YALIYOTOKEA

Wengi wanakumbuka. Wakati wa kiangazi, siku ya posho, mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili alikuwa anafua mtoni. Shati lake likachukuliwa na maji, naye akalifwata. Alilishika, akageuka ili arudi. Sisi makapita wawili tulikuwa kwenye ukingo, tunamwangalia. Alikuwa anaogelea vizuri, mikono inatupa maji, lakini alibaki palepale. Tulifikiri anacheza. Hata tulicheka. Aliyeelewa ni papa mzee mmoja, mvuvi. Alipiga kelele: «Mtoto, usipande! Kata pembeni! Kata pembeni!» Kisha akamnyooshea bambu ndefu. Kama si yule papa, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine. Tulirudi shuleni na haya.

TULIPIMA

Siku ile ingine tulirudi pale na kamba ya metre 10, saa, na vipande vya mgomba. Hatukuingia majini. Juu ya jiwe, kipande cha mgomba kilipita metre 10 kwa sekonde 25, maana yake metre 0,4 kwa sekonde. Fasi mto unapokuwa mwembamba, karibu na maporomoko, kilipita metre 10 kwa sekonde 6, ni kusema karibu metre 1,7 kwa sekonde. Kisha tukapima mwanafunzi mmoja akiogelea katika maji yaliyotulia: metre 10 kwa sekonde 12, karibu metre 0,8 kwa sekonde.

Sasa hesabu ni nyepesi. Juu ya jiwe mwogeleaji anashinda maji. Karibu na maporomoko maji inamshinda. Kwa hiyo katikati iko fasi moja ambako mbio ya maji na mbio yake ni sawasawa. Hapo ataogelea na nguvu zake zote, lakini hatasogea. Njo tulichoona siku ile bila kuelewa. Na jambo baya ni hili: fasi ile haina alama. Maji ni yaleyale, hakuna jiwe, hakuna kelele. Unaivuka bila kusikia kitu. Unajua tu wakati unapotaka kurudi.

SHIMO NYEUSI NI NINI

Tupa jiwe juu, litarudi, kwa sababu dunia inalivuta. Ili kitu kitoke duniani kisirudi tena, lazima kiondoke na mbio ya kilometre 11,2 kwa sekonde. Kama dunia ingekuwa ndogo zaidi lakini na uzito uleule, ingehitaji mbio kubwa zaidi. Kama ingebanwa yote mpaka ikuwe kama goroli yenye milimetre 9 tu toka katikati mpaka ukingoni, hata mwangaza haungetoka. Na mwangaza unakimbia karibu kilometre 300 000 kwa sekonde. Hakuna kitu kinachoupita.

Hiyo njo shimo nyeusi. Si shimo kama la kisima. Ni kitu kizito mno, kilichokusanyika fasi ndogo, na kinazungukwa na mpaka. Nje ya mpaka mwangaza unaweza kukimbia. Ndani hauwezi. Mwangaza unaotaka kutoka palepale kwenye mpaka unabaki palepale, kama mdogo wetu na shati lake. Tena, mpaka ule hauna ukuta wala alama.

Lakini tusichanganye. Mtoni kila mtu iko na mpaka wake: mwenye nguvu anaweza kushuka zaidi kuliko mdogo. Kwa shimo nyeusi mpaka ni mmoja kwa vyote, maana umepimwa na mwangaza, ambao ni mkimbiaji wa kwanza. Tena mto uko na ukingo wa kuume na wa kushoto. Shimo nyeusi haina ukingo wa kukimbilia.

Mashimo hayo si hadithi. Mwezi wa nne 2019 wataalamu wa inchi nyingi, waliounganisha darubini za redio za pande mbalimbali za dunia, walionyesha picha ya shimo la kundi la nyota linaloitwa M87. Uzito wake ni kama jua zetu miliari 6 na nusu. Mwangaza wake unatembea miaka karibu milioni 55 mbele ya kutufikia.

WENYE ELIMU NAO WALIKWENDA KWENYE MAJI

Mwaka wa 1974 Stephen Hawking wa Uingereza alitoa hesabu ya kushangaza: shimo nyeusi haiko nyeusi kabisa, inatoa joto kidogo. Lakini kidogo gani! Kwa shimo lenye uzito wa jua letu, joto hilo halifiki sehemu moja ya milioni kumi ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa. Toka mbali hivi, nani atalipima?

Mwaka wa 1981 profesa mmoja wa Kanada, William Unruh, aliandika jibu. Alionyesha kwamba hesabu ya sauti inayotembea ndani ya maji yanayokimbia inafanana na hesabu ya mawimbi karibu na shimo nyeusi. Maji ikikimbia kuliko sauti, sauti haiwezi kupanda tena. Basi mtu anaweza kujifunza shimo nyeusi hapa chini, bila kufika mbinguni.

Kuifanya ilichukua miaka mingi, sababu ndani ya maji sauti inakimbia karibu metre 1 500 kwa sekonde. Lakini mawimbi ya juu ya maji ni polepole. Kwa mawimbi marefu katika maji yasiyo na kina, mbio ni mzizi wa pili wa g mara kina. Maji ya santimetre 10: zidisha 9,8 na 0,1, toa mzizi, utapata karibu metre 1 kwa sekonde. Mto wetu unaweza hiyo!

Huko Vancouver, Unruh na wenzake, pamoja na watu wa enjeniya ya ujenzi, walitumia mfereji wa maji wa karibu metre 6. Ndani waliweka kitu kama kilima ili maji ipite juu yake kwa mbio. Walituma mawimbi kupanda maji. Yalipofika fasi ya mbio yalizuiliwa, yakageuka kuwa mawimbi mafupi ya namna mbili, na kipimo chao kilifwata hesabu ya Hawking. Walitangaza hiyo mwaka wa 2011. Mwaka wa 2017, Nottingham, Uingereza, wengine walitumia maji yanayozunguka kwenye tundu, kama wakati wa kumwaga beseni. Waliona mawimbi yakitoka na nguvu kuliko yalivyoingia, kama ilivyofikiriwa juu ya mashimo nyeusi yanayozunguka.

FANYENI WENYEWE

Shule yetu haina laboratware, lakini iko na robine. Omba sahani kwa mama wa jikoni, iweke chini ya robine, fungua kidogo. Utaona duara laini katikati, kisha mviringo ambako maji inainuka. Ingiza ncha ya msumari ndani ya duara: maji inachora V. Hapo maji inakimbia kuliko mawimbi. Sogeza msumari kwenda inje: V inafunguka, na ukivuka mviringo inapotea. Mawimbi ya inje hayawezi kuingia ndani. Ni shimo nyeusi iliyopinduliwa: hakuna kinachoingia. Watu wa Nice, Ufaransa, walifanya vilevile na mafuta, wakatangaza mwaka wa 2011.

KWA MWISHO

Yule wa klasi ya tano, jibu ni hili: fiziki ya mbali na fiziki ya mtoni ni moja. Na kwa wote:

1. Chini ya jiwe hakuna kuoga, hata kama maji inaonekana tulivu.
2. Shati likienda, liache liende.
3. Maji ikikushika, usipigane nayo kupanda. Kata pembeni, tafuta ukingo, hata kama inakushusha kidogo.
4. Ukiona mwenzako anaogelea na hasogei, usicheke. Piga kelele, nyoosha bambu.

Hiyo ya nne tumejiandikia kwanza sisi wenyewe.

Makapita wa shule, mwaka wa sita